Farasi hatuna, lakini ugonjwa wao wa mvua una jina la Kongo

Wenzangu wa chama, na ninyi wadogo zetu ambao bado mnapigania viti katika auditoriumu, leo nataka kuandika juu ya farasi. Najua mtacheka. Mimi mtoto wa Mangobo, farasi nimemwona kwenye filamu na kwenye simu, basi. Lakini someni kidogo. Farasi watatufikisha kwenye mbuzi, na kwenye mbuzi ndiko franga za wengi wetu zinakopotelea tangu tumalize masomo.

Ilianza hivi. Mwenzetu mmoja tuliyesoma naye agronomia yuko Oman, kwenye shamba moja la pwani ya Batinah. Alienda kwa kazi ya bustani, sasa wamemweka kwenye zizi la farasi. Maisha iko hivyo: diploma inasema mimea, sahani inasema farasi. Mwezi wa kwanza alinitumia video. Mvua ilikuwa imepiga siku mbili. Farasi wamesimama vichwa chini, mchanga umegeuka rangi ya kahawa, na maji yanapita kwenye bonde ambalo siku nyingine zote ni kavu kama barabara. Nikamwandikia kwa mzaha: "Bwana, na hiyo njo munaita mvua? Kuya huku Kisangani tukuonyeshe." Akajibu: "Weye cheka tu. Hii mvua ya siku mbili itatupa kazi ya wiki mbili."

Jibu lake lilinikaa kichwani. Angalieni hesabu. Muscat, mji mkuu wa Oman, unapata karibu milimita 100 za mvua kwa mwaka mzima, nyingi zikianguka kati ya Desemba na Machi, wakati hewa yenye mawingu inapofika kutoka upande wa Mediterania. Sisi huku tunapata kama milimita 1,700 na zaidi, na hakuna mwezi unaopita mkavu kabisa. Hata Januari, ambao tunauita kiangazi, unaweza kutupa karibu kiasi cha mwaka mzima wa Muscat. Sasa kwa nini watu wa jangwani wahangaike hivyo kwa mvua ambayo kwetu haitoshi hata kumzuia mama kwenda sokoni?

Nilimuuliza anieleze siku yake. Alieleza vizuri kuliko profesa.

Farasi, alisema, haogopi baridi sana. Wakati wa baridi manyoya yake yanakuwa marefu kidogo na yanasimama, yanashika hewa kati yao, na hiyo hewa ndiyo blanketi. Mvua ikimlowesha mpaka kwenye ngozi, manyoya yanalala, hewa inatoka, blanketi imekwisha. Upepo ukiongezeka juu yake, anatetemeka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumweka chini ya paa na kumpa majani makavu mengi. Si nafaka, ni majani. Tumbo kubwa la nyuma la farasi linachachusha majani taratibu, na uchachu huo unatoa joto. Kumpa farasi nyasi kavu usiku wa mvua ni kama kumwekea jiko ndani.

Kisha kwato. Ukwato wa farasi wa jangwani umezoea ukavu, ni mgumu kama pembe. Ukikaa kwenye matope siku tatu unakunywa maji na kulainika, halafu jua likirudi unakauka ghafla na kupasuka. Chini ya ukwato kuna sehemu laini yenye umbo la pembetatu, na pembeni yake mifereji miwili. Matope na mavi yakikaa humo bila hewa, vidudu vinaanza kula. Harufu yake, mwenzetu anasema, ukiinusa mara moja hutaisahau. Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni anainua miguu minne ya kila farasi na kuichokoa kwa kulabu ndogo. Farasi kumi na wawili, miguu arobaini na minane, mara mbili kwa siku. Hesabuni wenyewe.

Na kuna hatari nyingine ambayo sikuitegemea. Mvua ikipita, jangwa linaota majani mateke, mafupi sana, mizizi yake juu juu. Farasi anayavuta na kula pamoja na mchanga. Mchanga ni mzito, unajikusanya chini ya utumbo, na siku moja farasi anaanguka akijigaragaza kwa maumivu ya tumbo. Wengine hawaamki. Ndiyo maana siku zile njema, wakati kila mtu anafurahia kijani, wao wanawafungia farasi na kuwapa chakula juu ya meza, mbali na ardhi.

Hayo yote yalinifurahisha tu, kama mtu anavyofurahia habari za mbali. Kisha akatuma picha ya mgongo wa farasi mmoja, na hapo niliacha kucheka.

Kwenye mgongo kulikuwa na magamba. Magamba manene, ya rangi ya kijivu na njano, na manyoya yameshikana humo kama nywele za brashi ya rangi. Ukilivuta moja linatoka na shada lake la manyoya, na chini yake ngozi ni nyekundu, ina majimaji. Magamba kama hayo nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu, si kwenye kitabu. Nimeyaona kwenye masikio na midomo ya mbuzi zangu mwenyewe, miaka miwili iliyopita, na nilikuwa nimeyaita upele.

Nikamuuliza huo ugonjwa unaitwaje. Daktari wa wanyama wa kwao alikuwa ameandika kwenye karatasi: dermatofilosi, na jina la kidudu chenyewe, *Dermatophilus congolensis*.

Congolensis. Wa Kongo.

Kidudu hiki ni bakteria. Mtu aliyekieleza kwa mara ya kwanza ni daktari wa mifugo Mbelgiji, René Van Saceghem, mwaka 1915, akitazama ng'ombe wagonjwa hapa kwetu, wakati nchi ikiitwa Kongo ya Wabelgiji. Jina likabaki. Leo kinajulikana karibu dunia nzima: kwenye kondoo wa Australia, farasi wa Uingereza, ng'ombe wa Afrika Magharibi, farasi wa Ghuba baada ya mvua ya baridi. Haina maana kwamba kilitoka kwetu. Sayansi inaita kitu kwa mahali kilipoandikwa kwanza, si mahali kilipozaliwa. (Niseme ukweli, inanichosha kidogo. Jina la Kongo au la mto wetu likiingia kwenye vitabu vya dunia, mara nyingi ni kwa ugonjwa. Michikichi ya tenera ambayo inatajirisha Malesia na Indonesia inategemea utafiti uliofanyika Yangambi, kilomita kama 100 kutoka hapa, lakini hakuna anayeiita *congolensis*.)

Sasa tuone kinavyofanya kazi, sababu hapa ndipo jangwa na msitu vinakutana.

Ngozi ya mnyama ina ulinzi wa aina tatu: manyoya, mafuta membamba juu ya ngozi, na tabaka gumu la juu la ngozi yenyewe. Ngozi ikiwa nzima na kavu, kidudu hiki hakiwezi kitu. Kinakaa ndani ya gamba la zamani, kimekauka, kimelala, na kinaweza kungoja hivyo miezi mingi. Mvua ikilowesha lile gamba, kinaamka. Kinatoa mbegu ndogo sana zenye mikia, zinazoogelea. Zinaogelea kwenye maji yaliyo juu ya ngozi, na zinavutwa na hewa ya ukaa inayotoka kwenye ngozi ya mnyama, kama vile samaki anavyofuata chambo. Zikikuta mahali mafuta yameoshwa na maji, au pameumwa na kupe, au pamekwaruzwa na mwiba, zinaingia. Humo zinaota kama nyuzi, mwili unajibu kwa usaha na majimaji, majimaji yanakauka, gamba jipya. Halafu mvua nyingine.

Kwa hiyo si wingi wa mvua unaoleta ugonjwa. Ni muda ambao ngozi inabaki imelowa. Farasi wa Oman anapata mvua mara chache kwa mwaka, lakini akiachwa amelowa siku mbili, inatosha. Mbuzi wa Kisangani anaweza kunyeshewa kila juma la Oktoba na asipate kitu, kama kila mara anakauka haraka. Jambo hili dogo sikulielewa nilipokuwa na diploma mkononi, na kutolielewa kuligharimu familia yangu.

Kabla sijafika huko, nijibu swali ambalo wengi watauliza: juu ya nini sisi hatuna farasi? Kama shida ni ngozi kulowa tu, paa si lingetosha?

Hapana. Adui wa farasi kwetu anaruka. Mwaka 1895, huko Zululand, daktari Mwingereza David Bruce alionyesha kwamba ugonjwa unaoua mifugo, ambao wenyeji waliuita nagana, unatokana na kijidudu cha damu kinachobebwa na mbung'o. Ni jamaa wa kile cha malale kinachoshika watu. Aina nyingine ya kijidudu hicho ilielezwa Leopoldville mwaka 1904 na daktari Broden, na mnaweza kubashiri jina lake: *Trypanosoma congolense*. Mbung'o anapenda kivuli na unyevu, kingo za mito zenye miti, yaani anapenda nyumbani kwetu. Farasi akiumwa naye anapata homa, anakonda, miguu na tumbo vinavimba, damu inapungua, anakufa. Ongeza tauni ya farasi ya Afrika, ambayo ni virusi vinavyoletwa na usubi wadogo wanaozaliana kwenye unyevu. Ikiingia kwenye farasi ambao hawana kinga, inaweza kuua zaidi ya nusu yao kwa siku chache.

Ndiyo maana falme za Sahel, kama Kanem na Bornu, zilikuwa na majeshi ya wapanda farasi kwa karne nyingi, lakini kadiri walivyoshuka kusini kuelekea msitu, farasi waliisha. Livingstone mwaka 1866 alileta ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda kujaribu kama wanaweza kuvumilia mbung'o upande wa mto Ruvuma. Wengi walikufa njiani, ingawa kuteswa na wachungaji nako kulichangia. Mfalme Leopold II akaja na wazo lake: kama farasi hawezi, tembo ataweza. Mwaka 1879 alileta tembo wanne kutoka India, wakashushwa pwani ya Msasani karibu na Dar es Salaam, waende mpaka Tanganyika. Hawakudumu. Baadaye Wabelgiji walifundisha tembo wetu wa hapa, huko Api, Bas-Uele, chini ya Jules Laplume, kisha Gangala-na-Bodio, Haut-Uele, wakivuta magari na kulima. Ilifaa kidogo, lakini fikirieni: mpaka watu wanafikia kumfunga tembo jembe, ujue farasi ameshindikana kabisa.

Mizigo ya Kisangani ikabaki kichwani mwa watu, kwenye mitumbwi, halafu kwenye velo. Toleka ndiye farasi wetu. Wakati wa vita, barabara zilipokufa, vijana walisukuma velo zenye magunia mamia ya kilomita. Velo haipatwi na nagana.

Na mbuzi? Mbuzi wetu mfupi wa msituni ana zawadi. Mbung'o anamuuma, kijidudu kinaingia, lakini mwili wake unakizuia kiasi cha kuendelea kuishi na kuzaa. Si kwamba haugui, anavumilia. Zawadi hiyo ya damu haimsaidii kwenye ngozi. Kwa mvua na matope mbuzi ni dhaifu kuliko tunavyodhani, na yeye mwenyewe anajua: tone la kwanza likianguka, mbuzi wote wa mtaa wanakimbilia varanda, wakati bata wanabaki kufurahi.

Sasa habari yangu. Nilipomaliza nilikaa mwaka mmoja na nusu nikipeleka barua za kazi. Mama yangu, ambaye anauza mchele, zamu yake ya likelemba ilipofika, alinipa pesa yote. Hakusema maneno mengi. Alisema tu: "Weye njo ulisoma nyama. Fuga." Nikanunua mbuzi kumi na moja, nikawaweka kwenye kiwanja cha baba mdogo nje ya mji, upande wa barabara ya Buta. Nikajenga zizi la chini: udongo, nguzo nne, tole nane juu, kuta nusu. Nilijisifu. Ilikuwa mwezi wa sita, mvua kidogo, kila kitu kizuri.

Mwezi wa tisa mvua zikafunguka. Maji yalipita chini ya kuta, udongo ukawa uji wa matope na mkojo. Mwezi wa kumi niliona magamba kwenye masikio ya wawili. Nikasema upele, nikanunua ivermektini, nikapiga sindano. Wiki mbili, hakuna mabadiliko, sasa ni watano. Nikapiga tena. Ivermektini ni dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi. Kwa bakteria ni sawa na maji. Kisha mtu mmoja akanishauri mafuta machafu ya injini, na mimi, lisansi mkononi, nikapaka. Mafuta yalifunika unyevu ndani kama mfuniko wa sufuria, ngozi ikaungua. Nikabandua magamba kwa nguvu, na yale magamba nikayaangusha palepale chini, kwenye matope, ambako kila mbuzi alikuja kulala.

Midomo ilipoziba kwa magamba, wadogo walishindwa kunyonya. Wanne walikufa, na wakubwa wawili, mmoja kwa kukohoa. Sita kati ya kumi na moja. Sisemi dermatofilosi peke yake iliwaua. Minyoo na mapafu vilisaidia. Lakini wote walianza kwa kulowa.

Kuna koko mmoja, jirani wa kile kiwanja, mwanamke mzee ambaye amefuga mbuzi wawili watatu maisha yake yote. Alikuja, akainama, akashika mguu wa mmoja, akaunusa. Nikamwambia: "Koko, nimeshapiga sindano mbili." Akasema: "Mutoto yangu, hii mbuzi inalala mu maji. Kitu chenye kinalala mu maji utakiponesha na sindano namna gani?" Kisha akanionyesha banda lake: vijiti juu ya nguzo, mbuzi wanapanda kwa ubao. Nilikuwa nimepita pale mara mia na kuliona kama jambo la watu wa kijiji.

Nilianza upya na watano. Haya ndiyo niliyobadilisha, na namshukuru mwenzetu wa Oman ambaye alinieleza sababu ya kila kimoja, ingawa yeye alikuwa akizungumzia farasi.

Nyumba niliipandisha. Sakafu iko karibu mita moja juu ya ardhi, ya mianzi iliyopasuliwa, na nafasi kati ya mianzi kama sentimita moja na nusu: mavi yanaanguka, mguu haupiti. Mahali pa wadogo nafasi ni ndogo zaidi, maana mguu wa mtoto ukinasa unavunjika usiku na utausikia asubuhi. Kila mbuzi mkubwa ana kama mita moja ya mraba, wakibanana wanaloweshana. Tole niliziuza nusu, nikarudi kwenye ndele, juu ya joto, na nikaacha paa litoke nje ya kuta kama mita moja ili mvua ya upepo isifike ndani. Kuta za juu ziko wazi. Wengi wanakosea hapa: wanafunga kila mahali wakidhani wanazuia baridi, kumbe wanafungia unyevu na harufu ya mkojo, na mapafu yanaharibika. Paa linyime maji njia, upepo upite. Chini ya sakafu tunafagia kila juma, mavi yanaenda kwenye bustani ya lengalenga, ambayo sasa inalipa chumvi na dawa.

Asubuhi siwatoi mapema. Majani yakiwa na umande, mabuu ya minyoo yanapanda nayo mpaka juu, na mbuzi anameza. Nangoja mpaka saa nne, jua limekausha. Siku ambayo mvua haikatiki, nawakatia majani, nayaacha yanyauke chini ya paa, nayaning'iniza. Si chini, ni juu, sawa na farasi wa Oman anayekula mezani, ingawa yeye anakimbia mchanga na mimi nakimbia minyoo.

Kila jioni mkono wangu unapita juu ya kila mbuzi: masikio, pua, kati ya kwato, chini ya mkia. Kupe wanatolewa. Navuta kope ya chini kuangalia rangi. Ikiwa nyeupe kama karatasi, damu imepungua, ni minyoo au ni nagana, na hapo natafuta daktari wa mifugo badala ya kubahatisha. Kwato nakata kila miezi miwili, maana ukwato mrefu unajikunja na kushika matope ndani.

Na gamba likitokea? Mgonjwa anatengwa siku ileile, mahali pakavu kuliko pengine. Gamba halibanduliwi likiwa kavu. Nalilainisha kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, linatoka lenyewe, nalikusanya kwenye kopo na kulichoma. Halafu iodini iliyochanganywa na maji, halafu kukausha kabisa kwa kitambaa, halafu jua. Wengi wanapona hivyo tu, ngozi ikibaki kavu. Ikiwa imeenea, daktari anaweza kutoa penisilini au oksitetrasiklini. Kipimo ni chake, si changu wala si cha muuza dawa wa sokoni. Vaeni glavu, juu kidudu hiki mara mojamoja kinashika na mkono wa mtu. Na msikope kitambaa au kamba ya mbuzi mmoja kwa mwingine.

Kwa ninyi ambao bado mna maabara karibu, kuna raha moja nataka niwaachie. Chukueni kipande cha gamba, mkilainishe kwenye tone la maji, mkipake kwenye kioo, mkaushe, mtie rangi ya Giemsa, mtazame kwa hadubini. Mtaona nyuzi, na ndani ya kila uzi vijiduara vimepangwa safu safu, mistari sambamba, kama reli ya Lubunga kwenda Ubundu ukiitazama kutoka juu. Hakuna kidudu kingine cha ngozi ya mbuzi kinachopanga hivyo. Ingenichukua saa moja kujua. Nilikuwa naishi kilomita chache kutoka kwenye hadubini niliyoitumia miaka mitano, na sikupeleka hata gamba moja.

Mama sijamaliza kumrudishia. Mbuzi sasa ni tisa, wawili wana mimba. Mwenzetu wa Oman aliandika jana kwamba mawingu yamerudi upande wa baharini na wamekwisha kununua kulabu mpya za kwato. Huku imenyesha tangu saa nane ya usiku. Saa kumi na mbili nilienda na tochi, nikaingiza mkono chini ya tumbo la jike mmoja aliyelala juu ya mianzi. Palikuwa pakavu, na pana joto.